Kijana na Kitako cha Bunduki



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kipande cha mbao. Huenda umekwisha kukiona. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kijana ameketi na panga na kisu, anachonga. Hakuwahi kuwa seremala. Randa hana, patasi hana, na msumeno ni wa kuazima. Lakini anachonga tangu asubuhi, na ukimwuliza anatengeneza nini, anacheka kidogo tu na kuinamisha kichwa. Ukikaribia unalitambua umbo lile. Ni kitako cha bunduki, ile sehemu ya mbao inayoegemezwa begani.

Sasa wewe mzazi, wewe shefu, utafanya nini?

Wako watakaopita kama watu wasioona. Wako watakaompokonya, wampige, wakiseme kitu hicho kartie nzima, na jioni kijana hatarudi kulala. Njia hizo mbili tunazijua zinakofika. Basi tuanze mahali pengine, tuanze na kuuliza.

Kitako peke yake hakipigi risasi. Kinangoja kitu. Kinaweza kungoja mtutu wa bunduki ya kienyeji, zile ambazo watu wa kwetu huziita pupu, ambayo babu yake aliwindia swala na sasa mbao yake imeoza. Kinaweza kuwa kazi aliyoagizwa na mtu aliyemwahidi pesa, naye hajui bunduki hiyo itakwenda wapi. Au ni woga. Usiku mbwa wamebweka, watu wamepita, na baba wa nyumba hayuko, basi mtoto mkubwa amejiona yeye ndiye baba. Au ni mchezo tu, anataka kuonekana mtu. Sababu hizi nne hazifanani, na dawa zake hazifanani. Ukitoa adhabu kabla ya kujua ni ipi, umetibu tumbo la mtu anayeumwa jino.

Kijana, sasa tunasema na wewe, na tutasema maneno ya ufundi, maana tunajua ndiyo unayoyapenda.

Umechukua mbao uliyoipata. Je, imekauka? Mti uliokatwa mwezi jana bado una maji ndani. Ukiuchonga leo utaona ni laini na utafurahi, lakini ukikauka utajipinda na kupasuka. Je, uliangalia nyuzi za mti zinakwenda upande gani? Katika kitako pana mahali pembamba, shingoni, mkono unaposhika. Fundi wa mara ya kwanza hufuata mchoro alio nao kichwani, asifuate nyuzi, basi nyuzi zikakata shingo ile kwa mshazari. Hapo ndipo patakapovunjika. Ni kosa lile lile linalovunja mpini wa jembe na mguu wa kiti. Mpini ukivunjika, mama anakwenda shambani na jembe la jirani. Kitako kikivunjika mbele ya uso wako wakati baruti inawaka, hilo ni jambo jingine.

Na huo mtutu utatoka wapi? Bomba la maji halikutengenezwa kwa kubeba moto wa baruti. Linapasuka, na halichagui upande. Mbele ya jicho lako na karibu na vidole vyako, ndipo lilipo. Tena sheria ya silaha na risasi ya tarehe 3 Septemba 1985 haisemi kwamba bunduki ya nyumbani si bunduki. Bila ruhusa ya leta, silaha ni kosa.

Utasema: lakini hiki ni kipande cha mti tu, hakina chuma. Ndugu yangu, mwanajeshi aliye mbali hatazami chuma, anatazama umbo.

Tuwakumbushe mambo ya Kasai, maana yako mpakani kwetu, Luiza na Kapanga ni majirani. Mwezi wa Agosti 2016 shefu Kamwina Nsapu, Jean-Pierre Mpandi, aliuawa, na vita ikaenea. Watoto wengi waliingizwa kati ya wapiganaji. Walipitishwa kwenye moto uliokuwa ukiitwa tshiota, wakaambiwa kwamba risasi haitawapata. Na wengi wao hawakupewa bunduki za kweli. Walibeba fimbo, mapanga, na bunduki zilizochongwa kwa mti. Kwa mti, wasikilizaji! Wanajeshi waliwafyatulia risasi za chuma. Kufikia Juni 2017 Kanisa Katoliki lilikuwa limehesabu watu 3,383 waliokufa, na zaidi ya milioni moja walikuwa wamehama makao yao. Mti ule haukumlinda mtoto hata mmoja. Ulimfanya aonekane kuwa adui.

Ikiwa wewe unayetusikia ulitoka huko, hatuna la kukufundisha juu ya jambo hilo. Tunakuomba tu umwambie kijana wako uliyoyaona, kwa sauti yako mwenyewe, kwa sababu redio haiwezi kusema naye kama wewe.

Lakini tusidharau mkono wa kijana huyu. Kuchonga kitako si kazi rahisi, na katika nchi yetu kazi hiyo ina historia ndefu. Katika karne ya 19 bunduki za gumegume zilikuwa zikiingia kutoka pwani ya Angola, nyingi mbovu. Wachokwe walijulikana kwa kuzitengeneza upya. Wahunzi wao walishughulikia vyuma, wachongaji wakafanya vitako vipya, wakavipamba kwa misumari ya shaba ya njano hadi vikang'aa. Hata sanamu za Chibinda Ilunga, mwindaji mkuu wa masimulizi, nyingine zinamwonyesha ameshika bunduki. Kwa bunduki hizo waliwinda tembo. Lakini tembo walipungua na bunduki zilibaki. Katika miaka ya 1880 Wachokwe wenye bunduki waliingia Musumba, makao ya Mwant Yav wa Walunda, nchi ikaharibika, watu wakachukuliwa utumwani. Hatusemi hivi ili mtu amnyoshee jirani kidole, kwa maana leo Mchokwe na Mlunda wanaoana na wanauziana mihogo soko moja. Tunasema ili ujue kwamba bunduki ya kuwindia haikai na kazi yake ya kwanza.

Sasa sikieni upande wa pili wa habari hiyo. Wachokwe hao hao walikuwa wachongaji wa viti. Waliona viti vya Wareno, vyenye mgongo na ngozi ya kukalia, wakavifanya kuwa vyao. Miguuni na kwenye vijiti vya kati walichonga watu wadogo wakipiga ngoma, wakisafiri, wakizaa, wakizika. Kwenye kiti hicho alikaa shefu. Viti hivyo leo viko katika majumba ya makumbusho duniani, na watu wanalipa ili wavitazame. Mti ni ule ule na kisu ni kile kile. Anayechonga hupokea kazi kutoka kwa anayeagiza.

Ndiyo maana sasa tunarudi kwenu, mashefu na wakubwa wa makambi. Kijana huyu, nani amemwagiza kazi? Ikiwa mwenye bunduki peke yake ndiye aliyeuona ufundi wake, basi mwenye bunduki ndiye atakayekuwa bwana wake. Ninyi mlikuwa wapi?

Angalieni mahitaji yaliyo mbele yenu. Jamaa iliyofika jana inalala chini ya bashe, haina mlango. Tumesema kijana anachonga kwa woga wa usiku. Mlango wa mbao wenye komeo la ndani unampunguzia mama woga kuliko bunduki iliyoegemezwa ukutani, na hakuna mtoto atakayeuchezea akamuua ndugu yake. Mwagizeni mlango. Mwagizeni banko la shule, maana watoto wanakaa juu ya matofali. Mwagizeni mipini ya majembe kumi, hiyo ndiyo shule nzuri ya nyuzi za mti. Tusingoje, kama ilivyo desturi yetu mbaya, mpaka apewe kazi ya kwanza ya kutengeneza sanduku la maiti.

Na mmlipe. Neno hili tunalisema kwa nguvu. Kijana akiambiwa afanye kazi bure kwa ajili ya amani, naye aliyeagiza kitako alikuwa na pesa mkononi, mnajua atamfuata nani. Hata unga wa mahindi ni malipo, ikiwa mmesikilizana mapema na mbele ya watu. Na mumweke karibu na fundi, mahali penye randa na patasi, hata kwa nusu siku. Mafundi wengine hukataa kupokea watoto wa kambi kwa sababu hawajulikani. Shefu, nenda wewe mwenyewe, umjulishe.

Juu ya mbao: karibu na Kolwezi miti mizuri inachomwa makala. Mlombwa, ambao mashariki wanauita mninga, mti unaokauka bila kujipinda sana, unaingia motoni pamoja na mingine. Semeni na wachoma makala wawaachie magogo mawili matatu kabla ya kuyachoma. Mbao za paleti nazo zinafaa kwa kujifunza, lakini zikiwa zilibeba magunia ya dawa za migodini, msizifanye kitanda cha mtoto wala meza ya chakula.

Mtu atauliza: na ile bunduki ambayo iko tayari ndani ya nyumba? Kaskazini mwa Katanga, baada ya vita ya 1998 hadi 2003, mchungaji Daniel Ngoy Mulunda na shirika la PAREC walikuwa wakipokea silaha na kutoa baiskeli. Watu walicheka, baiskeli kwa bunduki! Lakini baiskeli inabeba mihogo, inabeba mgonjwa, na mwenye nayo anarudi nyumbani jioni. Huko Msumbiji, Baraza la Makanisa lilianza jambo kama hilo mwaka 1995. Aliyeleta silaha alipata jembe, cherehani au baiskeli. Silaha zilikatwa, na mafundi wa Maputo wakafanya kazi kwa vipande vyake. Mmoja wao, anayeitwa Kester, alitengeneza mwaka 2001 kiti kizima kwa vipande vya bunduki, nacho leo kiko London. Juu ya mgongo wa kiti hicho vimesimama vitako viwili vya mbao, na matundu ya skrubu yanavifanya vifanane na nyuso mbili zinazocheka.

Sisi hapa hatuna cherehani za kugawa leo. Basi msiahidi msichokuwa nacho. Bunduki ikiletwa, isiingie nyumbani kwa shefu ikakaa chini ya kitanda, maana itatoka tena usiku na mtu mwingine. Aliyeileta asiende nayo peke yake barabarani. Shefu, mtu wa kanisa na mashahidi wawili waende kwanza kuzungumza na wakubwa wa leta, wasikilizane siku na mahali, waandike namba ikiwa ipo, na jina la aliyeileta lisitangazwe sokoni.

Na kile kitako ambacho hakijakwisha, kijana, hatukuambii ukitupe. Umekifanyia kazi siku mbili. Kata ile shingo nyembamba. Upande mnene unaobaki, utazame nyuzi zake, uupasue kwa kuzifuata. Ukiwa umekauka vizuri utapata miguu miwili ya kigoda. Miguu miwili haitoshi, ya tatu utaitafuta. Mama yako anayeketi juu ya bidoni mbele ya moto atakuambia urefu unaomfaa.

Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza juu ya mashamba ya kuazima na namna ya kuandika masikilizano kati ya mwenye shamba na mgeni.