Neno Moja Katika Ripoti

Somo letu limo katika Luka 15, mstari wa 8 hadi wa 10: habari za mwanamke aliyepotewa na shilingi moja kati ya kumi.

Mwaka 1978 nilikuwa mpishi katika nyumba moja ya Milimani, hapa Nakuru, upande wa Menengai. Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni. Siku moja binti yangu wa darasa la tano alileta ripoti ya shule. Alikuwa wa 29 katika watoto 44, na chini mwalimu alikuwa ameandika neno refu: "painstaking".

"Pain" nililijua, ni maumivu. "Taking" nililijua, ni kuchukua. Nikaamua kwamba mtoto huyu anawatia walimu uchungu. Sikumwuliza mtu. Nilimgombeza sana, nikaiondoa taa mezani, nikasema, "Hutamaliza tena mafuta yangu bure." Mtoto hakujibu neno. Wiki nzima alikaa gizani.

Jumapili nilimweleza mzee wetu wa kanisa, mwalimu mstaafu. Hakucheka. Aliniuliza, "Ndugu yangu, kabla ya kupika wali unafanya nini?"

"Nachambua mchele."

"Mbona humimini tu sufuriani?"

"Kijiwe kimoja chaweza kumvunja mgeni jino."

"Basi, hiyo ndiyo 'painstaking'."

Akanieleza kwamba Waingereza, wakisema "pains" kwa wingi, tangu zamani huweza kuwa na maana nyingine: taabu ambayo mtu hujipa ili kazi yake iwe sawasawa. Neno lile ni "pains" na "taking", yaani kujitwika taabu hiyo. Husemwa juu ya mtu, na pia juu ya kazi yenyewe, kama uchunguzi au tafsiri. Lakini si kila kazi ngumu huitwa hivyo. Kubeba magunia ni kazi ngumu, ila huhitaji nguvu zaidi. Mchumaji wa pareto kule Molo ndiye hasa: huchuma kwa mkono maua yaliyofunguka, huacha yaliyo machanga, na baada ya majuma mawili au matatu hurudi kwenye mistari ile ile. Tena neno hili husifu jinsi mtu anavyofanya kazi, si upesi wake wala namba aliyopata. Hata mtoto wa 29 aweza kuandikiwa.

Nilirudi nyumbani, nikamwuliza binti yangu, "Ile taa ulikuwa ukiifanyia nini?"

"Baba, nilikuwa nikirudia hesabu, kila moja mara mbili. Hata kwenye mtihani nilizirudia, saa ikaisha kabla sijamaliza."

Wasikilizaji, nilinyamaza. Mtoto alijipa taabu kwa kila hesabu. Mimi baba yake sikujipa taabu ya kuuliza maana ya neno moja. Niliwasha taa kwa mkono wangu, nikaiweka mbele yake, nikamwomba msamaha. Haikuwa rahisi. Kwetu baba hamwombi mtoto msamaha.

Sasa mtazameni yule mwanamke. Hakusema, "Si kitu, zimebaki tisa." Aliwasha taa, akafagia, akainama kila pembe hata akaiona. Bwana Yesu alisema hayo ili tujue jinsi Mungu anavyomtafuta mwenye dhambi mmoja. Hatupangi kwa namba. Hachoki kuinama.

Ndugu msikilizaji, nyumbani mwako ni nani umemhukumu kabla ya kumwuliza? Mke? Mtoto? Mfanyakazi? Usingoje Jumapili kama mimi. Mwulize leo, na kama umemkosea, mwashie taa yake.

Tuombe. Ee Baba, uliyetutafuta kwa uvumilivu, utupe moyo wa kuuliza kabla ya kukemea, na unyenyekevu wa kuomba msamaha hata kwa wadogo. Kwa jina la Yesu. Amina.