Ufadhili wa Masomo ni Amana



Mwaka 1983 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao makuu mjini Jidda, ilianzisha mpango wa kuwasomesha shahada ya kwanza vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama wake, Tanzania na Kenya zikiwemo. Wengi walisomea udaktari na uhandisi.

Hatuna budi kuuelewa msingi wa mpango huo. Kwa mwanafunzi, fedha zile zilikuwa mkopo usio na riba. Kwa jamii yake, zilikuwa msaada. Mhitimu akishapata kazi hakutakiwa kuzirejesha Jidda, bali kuzilipa katika mfuko wa amana wa jamii yake, ili asomeshwe kijana mwingine.

Basi tujiulize: daktari aliyesomeshwa kwa njia hii asipolipa, anamdhulumu nani? Si benki. Anamdhulumu yatima aliyefaulu kidato cha sita, ambaye angesomeshwa kwa fedha hizo hizo.

Sisi wazazi nasi tunao wajibu. Moyo wa kuitumikia jamii haupatikani siku ya kujaza fomu. Hulelewa tangu madrasa, kwa kuwafundisha wadogo na kuwatembelea wagonjwa. Nao wasimamizi wa mifuko wasome hesabu zao hadharani, ili kila anayelipa ajue fedha zake zimemsomesha nani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watimizaji wa amana. Amin.