TOPE LA VYOONI NI MALI, LAKINI NANI ANASHIKA DAFTARI?

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa kwa vijana wa Chiwata na vijiji vya Masasi na Newala waishio Dar es Salaam.



Leo siongelei bei ya korosho. Naongelea jambo ambalo wakubwa huona haya kulitaja jukwaani: kinyesi. Anayetaka kucheka acheke amalize, maana hapa pana ardhi, afya na ajira, na penye hayo matatu pana siasa.

Wakazi wengi wa Dar hawana bomba la majitaka. Wana shimo. Likijaa, mwenye fedha huita gari la kunyonya, likamwage kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti. Mlalahoi ambaye gari haliingii uchochoroni kwake huwaita "vyura", vijana wenzenu wanaoshuka shimoni kwa ndoo na koleo. Asiyeweza hata hilo hungoja mvua, akatoboa ukuta wa shimo, uchafu ukaenda na maji hadi kwa jirani. Tumelizoea mpaka tumelipa jina: kutapisha choo. Halafu kipindupindu kinapolipuka, kama kilivyolipuka Dar mwezi Agosti 2015 kikasambaa nchini, tunaambiwa wananchi ni wachafu!

Sasa twende Chiwata. Udongo wa uwanda wetu wa Makonde ni wa kichanga. Haushiki maji wala rutuba. Kwa miaka mingi tumeipulizia mikorosho salfa kuzuia ubwiriunga, na mwaka 1997 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa salfa hiyo inaongeza tindikali katika udongo wa mashamba ya Kusini. Mkorosho ni mvumilivu. Mahindi yaliyopandwa katikati yake hayana uvumilivu huo.

Angalieni basi kichekesho hiki. Tope la majitaka lililotibiwa lina naitrojeni na fosforasi, na lina mboji inayosaidia mchanga kushika maji. Likitibiwa kwa chokaa hupunguza hata tindikali. Kile kinachoua mtoto Dar kingeweza kuponya shamba Chiwata. Wenzetu wa Kampala walifungua mtambo wa Lubigi mwaka 2014, uliojengwa kupokea meta za ujazo 400 za uchafu wa vyooni kwa siku. Tope likikauka, wakulima hulinunua. Huko Milwaukee, Marekani, mji umekuwa ukiuza mbolea ya namna hiyo tangu mwaka 1926.

Lakini, vijana, hapa ndipo pa kufungua macho. Tope lisilotibiwa lina mayai ya minyoo yanayokaa ardhini muda mrefu. Tope la mji wenye viwanda linaweza kuwa na risasi, kadimiamu na kemikali zisizooza. Jimbo la Maine, huko huko Marekani, lilipiga marufuku kumwaga tope mashambani mwaka 2022, baada ya mashamba kukutwa na kemikali hizo. Kama Marekani wameumia, sisi tutasalimika kwa dua?

Ndiyo maana tunadai mfumo. Mwaka 1996 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha ISO 14001 cha kusimamia mazingira. Kina maneno mengi, ila kiini chake ni hiki: panga, tenda, kagua, rekebisha. Kwa tope, maana yake ni mambo manne.

Kwanza, kila mzigo uandikwe umetoka wapi. Tope la vyoo vya nyumbani lisichanganywe na la kiwandani.

Pili, litibiwe kwa kipimo kinachojulikana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi katika nchi za joto kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja bila kuongezwa kipya, na mayai ya minyoo yasizidi moja katika kila gramu ya tope kavu.

Tatu, lipimwe kabla ya kuondoka, na mpimaji asiwe yule yule mwenye tenda. Mwenye tenda akijikagua mwenyewe, huo ni ulaji!

Nne, matokeo yabandikwe ubaoni kijijini, kwa Kiswahili. Kosa likionekana, kazi isimame hadi lirekebishwe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji. Nawauliza: ya kijijini kwenu ina daftari, au ina mwenyekiti tu?

Chiwata haina haja ya kungoja mtambo wa mabilioni. Choo cha mashimo mawili kinatosha kuanzia: moja linatumika, jingine limefungwa likipumzika zaidi ya mwaka, huku majivu au chokaa yakisaidia. Kinachotoka kifukiwe kwenye mashimo ya kupandia miti, wala kisipelekwe kwenye bustani ya mboga zinazoliwa mbichi. Anayekichota avae glovu na mabuti. Hiyo ni kazi ya heshima, inayostahili ujira na vifaa, kama ilivyo kazi ya vyura wa Temeke.

Mkienda nyumbani msimu wa korosho, simameni kwenye mkutano wa kijiji. Siku akitokea mtu na lori la "mbolea ya bure" kutoka mjini, msimpigie makofi kwanza. Muulizeni: Imetoka wapi? Nani kaipima? Karatasi ya matokeo iko wapi? Akijibu yote matatu kwa maandishi, mkaribisheni. Akianza kuwauliza ninyi ni wa chama gani, mwambieni ageuze lori.