Kutoa Taarifa si Kuhukumu



Mji wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, ni mji wa watu wanaofahamiana. Ndiyo maana mwalimu aonaye alama za kipigo mwilini mwa mwanafunzi husita. Mzazi wa mtoto ni jirani. Watakutana mnadani, watakutana msibani. Huogopa kukosea, huogopa lawama za ukoo, na hudhani kwamba mwingine atasema. Huyo mwingine naye hudhani vivyo hivyo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Sheria ya Mtoto ya mwaka huohuo inamtaka kila mwananchi mwenye ushahidi au taarifa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Haimtaki awe na hakika. Kuchunguza ni kazi ya afisa ustawi wa jamii na polisi.

Anyamazaye kwa hofu ya kumwonea mzazi amekwisha kutoa hukumu, na aliyehukumiwa ni mtoto.