Taa ya Pikipiki ni Haki ya Mwenzako

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa usiku na mchana. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nanyi mnaotusikiliza majumbani na vyuoni: tunakuusieni, na kuziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo mno kupandishwa mimbarini, nalo ni taa ya pikipiki.

Hapa petu Shangani, tutokapo msikitini baada ya sala ya Magharibi, giza huwa linaingia upesi. Barabara ya kwenda Mikindani ina waenda kwa miguu, baiskeli, bajaji, na malori yaendayo bandarini: ya korosho katika msimu wake, na ya makaa ya mawe yatokayo mkoa wa Ruvuma. Katikati ya hayo hupita kijana na bodaboda yake, nyuma amempakia mama aliyepakata mtoto, na taa haiwaki. Kijana aiona njia kwa mwanga wa magari ya watu, akadhani kuwa maadamu yeye anaona, basi naye anaonekana. Hapo ndipo penye kosa.

Taa ina kazi mbili: kumwonyesha dereva njia, na kuwaonyesha wengine kuwa dereva yupo. Pikipiki ni nyembamba. Ikitazamwa kwa mbele hupotea upesi miongoni mwa nguzo na vivuli, hata mchana. Ndugu zetu wa Malaysia walilizingatia jambo hili. Mwaka 1992 serikali yao iliamuru pikipiki ziwashe taa ya mbele hata mchana, na wataalamu walipopima, waliona ajali za pikipiki zinazotokana na kutoonekana zimepungua kwa kadiri ya asilimia 29. Chombo ni kile kile na barabara ni ile ile; kilichozidi ni taa kuwaka.

Mtasikia ikisemwa: ajali ni kudra. Naam, twaiamini kudra, kheri yake na shari yake. Lakini Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipopata habari ya tauni katika nchi ya Sham, aliwarudisha watu. Abu Ubaida (r.a.) alipomwuliza kama anaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu, alimfahamisha kuwa kurudi kwao nako kumo katika kudra hiyo hiyo. Basi kubadili balbu iliyoungua nako kumo katika kudra.

Na Bwana Mtume (s.a.w.) alimwamrisha apitaye na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake, asije akamjeruhi mtu. Mtu yule hakukusudia kumdhuru yeyote; hata hivyo hakuachiliwa kwa nia yake njema. Je, mwenye pikipiki gizani ataachiliwa?

Tuseme kweli vilevile. Kijana huyu aghalabu si mwenye chombo. Jioni ana hesabu ya kumpelekea tajiri, na balbu ikiungua, kila mmoja humtupia mwenziwe. Ewe mwenye chombo, ukipokea hesabu hali wajua kuwa taa ya nyuma imekufa, wewe ni mshirika katika litakalotokea. Ewe kijana, usiuze roho yako na ya abiria wako kwa bei ya balbu. Nasi abiria tusijivue. Sisi tunaosema nanyi tumepanda mara nyingi tukiwahi darsa, tukaona taa haiwaki, tukanyamaza kwa kuwa tumechelewa. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe.

Basi kabla ya kuondoka, washeni taa ya mbele, usiku na mchana. Shikeni breki, mwenzenu atazame kama taa nyekundu ya nyuma inawaka. Futeni tope kiooni mwake. Bandikeni ukanda wa kuakisi mwanga nyuma na ubavuni, na vaeni fulana yenye kuakisi. Wala msifunge taa kali zinazompiga machoni anayekuja mbele, kwani nuru inayompofusha mtu yadhuru kama giza. Na abiria akikuta chombo hakina taa, amwambie dereva kwa upole, na asipande.

Enyi ndugu, haki ya njia ni kumwondolea mpitaji madhara. Taa yako ni haki ya yule asiyekujua, anayekuja mbele yako akitaka kufika kwa watoto wake kama utakavyo wewe.

Ewe Mola wetu, wahifadhi vijana wetu barabarani, waponye majeruhi, na uwarehemu waliotangulia. Amin.