Chururu si Ndo Ndo Ndo: Milio Inavyozaa Maneno

Iko methali ya Kiswahili isiyotaja mtu, mnyama wala kifaa, na isiyo na kitenzi hata kimoja cha kunyambulika: "Chururu si ndo! ndo! ndo!" Ukiiondoa ile "si" ya kukanusha, kinachobaki ni maji matupu. Upande mmoja yanachuruzika bila kukatika, upande wa pili yanadondoka tone baada ya tone. Anayeijua lugha huuona mtungi unaojaa upesi, na mwingine utakaokesha chini ya paa kabla haujafika nusu. Hakuna mkubwa wala mdogo anayeuliza chururu ni nini.

Hoja ya mada hii ni moja. Maneno ya jamii ya chururu na ndo si mapambo ya hadithi za watoto, wala si kelele zinazopachikwa kwenye sentensi ili watu wacheke. Ni maneno kamili yenye kanuni zake, nayo yamezaa msamiati unaotumika kila siku shambani, barabarani na darasani. Tatizo ni kwamba yanafundishwa kama orodha ya kukariri, na yanaandikwa kwenye kamusi kana kwamba hayana sauti.

Mwanaisimu Clement Doke, aliyefanya kazi zake nyingi kusini mwa Afrika, ndiye aliyeyapa jina la ideofoni mwaka 1935, kwa kuona kwamba katika lugha za Kibantu yanastahili kundi lao peke yao. Sisi tumeyaweka kwenye makabati mawili. Katika somo la fasihi yanaitwa tanakali sauti na hukaa jirani na tashbihi na takriri. Katika sarufi yanaitwa vielezi viigizi. Mwanafunzi hukutana nayo mara mbili, kwa majina mawili, na mara nyingi hakuna anayemwambia kuwa ni yaleyale. Nchini Kenya vitabu vya marudio vya KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, viliyapanga kwa safu: lala fofofo, nyamaza jii, lowa chepechepe, jaa pomoni. Mtoto aliyekariri safu hiyo alipata alama yake. Kwa nini aliyelowa asiwe amelowa fofofo? Hilo halikuulizwa.

Na hapo ndipo penye utamu wenyewe.

Chukua kuanguka. Mzigo ukianguka sakafuni, Kiswahili husema pu! Ukianguka mchangani ni tifu. Kwenye matope ni tapwi. Ndani ya maji ni chubwi, au tubwi. Kitendo ni kimoja na kitenzi ni kilekile, lakini neno la mwisho linamwambia msikilizaji ardhi ikoje. Na sauti hazikuokotwa ovyo. F ya tifu ina pumzi inayotawanyika, kama mchanga unavyotawanyika. Pw na bw hufunga midomo na kuifungua kwa mkupuo, jambo ambalo matope na maji hulifanya yanapomeza kitu. Kisha maneno haya hayabaki vihisishi. Tifu ina ndugu: vumbi hutifuka, mkulima hutifua ardhi, na kitabu cha sayansi cha shule ya msingi kinamfundisha mtoto kwamba udongo mzuri kwa kilimo ni udongo tifutifu. Hilo ni istilahi ya kisayansi kabisa, na mzizi wake umo katika mlio huohuo wa kitu kinachotua kwenye vumbi. Chubwi nayo ni jina la kipande cha risasi ambacho mvuvi hukifunga kwenye mshipi ili ndoano izame. Kifaa kimeitwa kwa mlio kinaoutoa kinapogusa bahari.

Teknolojia nayo haikusubiri kamati ya istilahi. Ilipofika baiskeli yenye injini, watu waliisikiliza wakaiita pikipiki, na Waganda nao wakasema ppikipiki. Wazulu walisikia mngurumo wa injini ileile wakaiita isithuthuthu, Washona wakasema mudhudhudhu. Masikio ni mamoja ila kila lugha imechukua sehemu yake ya mlio, Kiswahili ule mdundo mwepesi wa juu, Kizulu na Kishona ule mtetemo mzito wa chini. Tingatinga limepata bahati kubwa zaidi. Lilianza kama jina la mashine nzito ya kulima au kusukuma udongo, na nchini Kenya likaingia kwenye siasa: chama cha NDP cha Raila Odinga kilikuwa na trekta kama alama yake, naye akabaki akiitwa Tinga hata baada ya chama hicho kutoweka. (Mchoraji Edward Saidi Tingatinga hahusiki hapa. Hilo lilikuwa jina lake.)

Kwa upande wa wanyama, watu wengi huanza na jogoo, na hawakosei. Wafaransa humsikia akisema cocorico, Wajerumani kikeriki, Wahispania quiquiriquí, Wajapani kokekokko, Waswahili kokoriko. Wote wamesikia k, na karibu wote wamesikia silabi nne au tano. Waingereza peke yao wameamua kwamba jogoo anasema cock-a-doodle-doo, na mtu aliyewahi kuamshwa na jogoo alfajiri anaweza kuwahukumu mwenyewe. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyenakili sauti kama kinasa sauti. Kila mmoja ameipitisha kwenye kinywa cha lugha yake. Mswahili hawezi kumaliza neno la asili kwa konsonanti, basi jogoo wake pia hamalizi kwa konsonanti.

Ndege wa porini wana ushahidi mzuri kuliko jogoo, kwa kuwa majina yao yenyewe ni milio. Kwarara, yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda anayepita juu ya nyumba jioni akipiga kelele, hujitaja kila anaporuka. Afrika Kusini wanamwita hadeda na Wazulu inkankane, na majina yote matatu ni jaribio la kukamata ukelele uleule. Tetere hutamka jina lake. Hondohondo vilevile. Dudumizi, ndege wa vichakani, ana mlio mzito unaoshuka ngazi kwa ngazi mithili ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, na jina lake limeanza na du du kwa sababu hiyo. Kuku hana haja ya kuelezwa: jina lake ni mlio wake. Kubweka kwa mbwa kuna bwe ndani yake, na paka katika mazungumzo ya nyumbani huitwa nyau bila kuulizwa.

Hapa inabidi kuweka breki. Si kila neno linalofanana na mlio limetokana na mlio. Mwanaisimu Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, aliwaonya wasomaji kwa mifano miwili ya Kifaransa: fouet, yaani mjeledi, na glas, mlio wa kengele ya msiba. Yote mawili yanasikika kama milio, lakini la kwanza linatokana na neno la Kilatini la mti na la pili na neno la tarumbeta. Mswahili ana mtego wake katika ng'ombe. Ile ng' ya puani inamvutia mtu adhani kwamba ni mlio wa mnyama mwenyewe. Lakini Kizulu husema inkomo na Kishona mombe. Maneno haya yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa kale wa Kibantu na kubadilika kwa kanuni za sauti za kila lugha. Ng'ombe hakushirikishwa. Mwalimu anayetaka kutoa mifano darasani aanze na milio ambayo mtoto anaweza kuithibitisha kwa masikio yake, aachane na etimolojia za kubuni.

Sauti za watu zina utaratibu mzuri zaidi, pengine kwa kuwa binadamu hujisikiliza kuliko anavyosikiliza wengine. Kuguna, kukoroma, kunong'ona, kunung'unika, kugugumia, kusonya: kila kitenzi kinabeba kitendo chake kinywani. Huwezi kutamka "nong'ona" kwa sauti kubwa bila neno lenyewe kukushtaki. Kigugumizi kinagugumia katika herufi zake. Kwikwi ni kwikwi, na pwani wengine husema kikweukweu kwa kilio cha mtu aliyeishiwa pumzi. Kutoka katika vitenzi hivi lugha imetengeneza majina kwa mpango usiobadilika: mguno, mkoromo, mnong'ono, msonyo. Kuna kundi zima la nomino za ngeli ya mu- zinazoishia na -o ambazo kazi yake ni kuzitaja sauti, kuanzia mlio mpaka mvumo. Na hakuna anayehitaji kufafanuliwa kwamba msonyo mmoja mrefu sokoni una maana kuliko sentensi tatu.

Vicheko vimehamia kwenye simu. Anayeandika "ha ha ha" amecheka waziwazi. "Kwikwikwi" ni kicheko kilichozuiwa kwa mkono, aghalabu juu ya aibu ya mwingine. "Teh teh teh" ni cha mtu aliyeambiwa jambo asiloliamini. Vijana wanaotuma ujumbe huu hawajakosea lugha. Wanafanya kazi ileile aliyoifanya mtunzi wa chururu.

Lakini je, rangi ina mlio? Nguo nyeupe pe pe pe, usiku mweusi tititi, macho mekundu ndu ndu ndu, giza totoro. Hakuna kinachosikika hapo. Hata ukimya umepewa neno lake, jii, na ajabu ni kwamba Wajapani nao wanao mlio wa kimya, shiin. Maana yake ni kwamba uigizaji umevuka sikio na kuingia kwenye jicho, ngozi na akili. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 kwa wasemaji wa lugha 25 liliwapa watu maneno mawili yasiyo na maana, bouba na kiki, na maumbo mawili, moja la mviringo na moja lenye ncha. Asilimia 72 waliunganisha bouba na mviringo na kiki na ncha. Binadamu huona sauti. Kiswahili kimelijua hilo zamani, ndiyo maana silabi za pe pe pe hutamkwa kila moja kwa nguvu yake, kinyume na kawaida ya lugha yetu ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho.

Kuna ushahidi mwingine unaotoka mbali na kamusi. Kaskazini mwa Msumbiji, katika Hifadhi ya Niassa, ng'ambo ya mto Ruvuma ukitokea Tanzania, Wayao wanaotafuta asali humwita ndege mwongoza-asali kwa mlio wa kutetemesha ulimi unaomalizika kwa mguno: brrr-hm. Claire Spottiswoode na wenzake walieleza katika jarida la Science mwaka 2016 kwamba mlio huo uliongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka takriban asilimia 33 hadi 66, ukilinganishwa na sauti nyingine za watu au wanyama. Mwaka 2023 yeye na Brian Wood walionyesha kwamba kwa Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, wanaotumia mbinja, ndege wa huko waliitikia mbinja hizo zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Kiyao. Ndege wa Niassa walifanya kinyume chake. Hata ndege, basi, ana lahaja anayoielewa. Mlio ulioigizwa hauishi peke yake. Ni wa watu fulani, mahali fulani, na aliyeutoa huko akaupeleka kwingine huenda asijibiwe.

Hilo ndilo linalokosekana katika rekodi zetu. Padri Charles Sacleux, aliyekaa Zanzibar na Bagamoyo, alichapisha kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939 akionyesha neno limesikika katika lahaja ipi. Kamusi nyingi zilizofuata ziliachana na kazi hiyo kwa ajili ya usanifishaji. Lilikuwa chaguo lenye sababu zake, ila kwa tanakali gharama yake imekuwa kubwa, kwa sababu mlio wa Lamu si lazima uwe mlio wa Tanga, na wa mvuvi si wa mfugaji. Wahariri nao wamechangia. Mswada unapofika mezani, puu! na fyuu! ndiyo maneno ya kwanza kukatwa kwa madai kwamba si ya kiwango.

Kwa hiyo mada hii inawaomba washiriki mambo mawili yasiyohitaji bajeti. Mwalimu anayerudi darasani aache kuuliza "lala —?" na badala yake awaulize wanafunzi kitu kimeangukia wapi, kikiwa kizito kiasi gani, kisha wao wataje mlio na watetee uchaguzi wao. Na kila mmoja atumie kinasa sauti kilicho ndani ya simu yake: amrekodi bibi anayesimulia hadithi, fundi seremala, mvuvi, utingo wa daladala, aandike mahali na kazi ya msemaji, na aipeleke sauti yenyewe, si maandishi peke yake, kwa chuo au baraza la Kiswahili lililo karibu naye.