Nyumba Tupu Nayo Hula

Jumapili iliyopita alinijia shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, na bahasha ya kaki kwapani. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, amefundisha kwa zaidi ya miaka 30, na mwezi ujao anastaafu. Hata chai hakuingoja ipoe. Alifungua bahasha akanionyesha picha ya nyumba ndogo ya vyumba viwili kule Diani: paa la makuti, baraza pana, na mnazi mmoja umeinama mbele yake.

"Shemeji," akaniambia, "sitaki uzee wa kuombaomba watoto. Bei ni shilingi milioni 6. Natoa kiinua mgongo changu chote, nauza kile kiwanja changu, na milioni 2 zilizobaki mwanangu wa kwanza atazikopa benki kwa mshahara wake. Mimi nitakaa nyumbani, watalii wanilishe."

Nikamuuliza kama mkewe anajua. Akasema ataambiwa mambo yakishakamilika, afurahi. Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini.

Wasikilizaji, sisemi kwamba nyumba ya kukodisha wageni wa likizo ni mali mbaya. Wako waliofaidika nayo, na ardhi ya ufukweni haijawahi kuwa rahisi. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo nilimwomba mwanangu daftari na kalamu, tukaanza kuandika.

Hesabu ya dalali ilikuwa fupi. Mgeni atalipa shilingi 6,000 kwa usiku. Zidisha mara 365, unapata shilingi 2,190,000 kwa mwaka. Kwa hiyo chini ya miaka mitatu fedha zote zimerudi. Hesabu hiyo haina kosa la kuzidisha. Kosa lake ni kuwa hakuna nyumba ya likizo yenye mgeni siku 365.

Anayeijua pwani anajua majira yake. Wageni hujaa Desemba hadi mwanzo wa Januari, wakaja tena Pasaka na likizo ya Agosti. Masika yakishika, Aprili na Mei, barabara za Diani hubaki za wenyeji na kima. Basi tuseme, kwa mfano tu, umejitahidi ukapata wageni kwa usiku 110. Hizo ni shilingi 660,000. Wakala anayekuletea wageni akichukua asilimia 15, yaani 99,000, unabaki na 561,000. Mtunza nyumba, kwa 15,000 kila mwezi, ni 180,000. Zinabaki 381,000. Umeme, maji, gesi na intaneti, 9,000 kwa mwezi, ni 108,000. Zinabaki 273,000.

Sasa njoo kwenye matengenezo. Hewa ya bahari ni tamu puani lakini ni sumu kwa chuma. Bawaba, kufuli, friji na pampu ya maji vyote huliwa na chumvi. Makuti hayadumu kama mabati. Baada ya miaka michache paa huezekwa upya. Na mchwa wa pwani hawana likizo. Weka 120,000 kwa mwaka, zinabaki 153,000. Leseni, kodi ya kaunti, shuka, magodoro na vyombo vinavyovunjika, weka 53,000. Mwisho wa mwaka mkononi una shilingi 100,000.

Milioni 6 ukizigawa kwa laki moja, ni miaka 60. Shemeji yangu naye ana miaka 60. Tulitazamana.

Na benki bado haijaja. Riba ya asilimia 15 kwa milioni 2 ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Yaani nyumba iliyonunuliwa ili imlishe mzee itamtaka kijana wake aongeze laki 2 kila mwaka, kabla hajalipa hata senti moja ya mkopo wenyewe. Yule kijana ana watoto watatu.

Shemeji akasema, "Wewe unanivunja moyo kwa sababu hujawahi kufanya." Wasikilizaji, nilifanya. Nami nitawaeleza leo jambo ambalo sijawahi kulieleza katika kipindi hiki.

Mwaka 1996 nilimshawishi kaka yangu mkubwa tununue nyumba ya wageni upande wa kusini wa Mombasa. Yeye alikuwa na lori, ndilo lililokuwa jembe lake. Nilimpigia hesabu ileile ya kuzidisha mara 365. Akaliuza lori. Krismasi ya mwaka huo tulijaza wageni, nami nikajiona bingwa. Kisha, usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na ghasia zilizofuata ziliua watu na kuwafukuza wengine wengi makwao. Wageni walivunja safari. Nyumba yetu ilikaa miezi bila kupata hata mgeni wa usiku mmoja.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nyumba tupu nayo hula. Haina mgeni, lakini ina mlinzi, ina taa, ina paa linalovuja. Mtunza nyumba wetu tulimkalisha miezi minne bila mshahara. Hakuondoka, alivua samaki akala na wanawe, na kila asubuhi alifagia uwanja wa watu wasiomlipa. Tulikuja kumlipa baadaye, lakini aibu ile hailipiki. Na kaka yangu, aliyekuwa hana lori tena, aliacha kuniita jina langu. Miaka miwili hatukusemezana ila misibani.

Msifikiri lile lilikuwa la mara moja. Novemba 2002 hoteli ililipuliwa Kikambala. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yakaja machafuko. Mwaka 2020 ikaja Korona: Machi ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa hadi Agosti, na tangu Aprili watu walikatazwa kuingia na kutoka Kwale na Kilifi hadi mwanzoni mwa Juni, na Mombasa hadi mwanzoni mwa Julai. Biashara ya wageni ni kama jahazi. Huenda vizuri kwa upepo, lakini upepo hauko mikononi mwa nahodha. Mwenye akiba nyingine hushusha tanga akangoja. Asiye na akiba huzama.

Sisi tuliokolewa na nini? Tuliacha kuota watalii, tukampangisha muuguzi kwa kodi ya mwezi. Kodi ilikuwa ndogo, lakini ilikuja mvua ikinyesha na jua likiwaka. Kidogo kidogo tukamlipa mtunza nyumba, tukalipa deni, na kaka akapata mtaji wa kuanza upya. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo wewe unayefikiria jambo hili, nina machache ya kukuusia. Kwanza, usitie fedha ambayo ikikaa miaka mitatu bila kuzaa watoto watalala njaa. Pili, hesabu gharama za kununua wenyewe. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Kwa nyumba ya milioni 6 ya mjini hizo ni 240,000, na wakili hujamlipa. Tatu, kumbuka kuwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inataka biashara za kupokea wageni ziwe na leseni, na nyumba za likizo nazo zimo.

Nne, na hili ni zito, usiridhike na karatasi tu. Nenda ofisi ya ardhi upekue hati, kisha ukakae na majirani. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani walete madai yao ya ardhi kwa maandishi, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wengi waliolima kwa vizazi walijikuta maskwota pale walipozaliwa, na vidonda hivyo havijapona. Huenda hati ikawa safi, lakini mzee wa jirani akakuonyesha kaburi la babu yake chini ya mwembe wako. Afadhali ulione kabla ya kulipa.

Tano, mwambie mkeo. Au mumeo. Furaha ya ghafla ikiwa ndani yake mna mkopo, jina lake si furaha.

Shemeji alirudisha picha ndani ya bahasha, akaniaga bila kumaliza chai. Nilidhani nimempoteza kama nilivyompoteza kaka. Lakini Jumatano mkewe alinipigia simu. Aliniambia, "Shemeji, amenionyesha daftari. Nimemwambia kiwanja hakiuzwi, na mtoto hakopi. Kilichobaki tukizungumze."

Wamekubaliana jambo moja. Ikiwa bado wanaitaka nyumba ile, au nyingine ndogo zaidi, wataenda kuitazama mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, makuti yanavuja na ufukweni hakuna mtu. Nami wameniomba niwasindikize. Nitakwenda, na kaka yangu amesema naye atakuja. Yeye ndiye atakayeshika kalamu.

Hadi juma lijalo, wasikilizaji wangu, kwaherini.